Ndege Yenye Ngozi Mbili

Balagizi alikuwa mwanaume wa kununa. Bibiche, mke wake, aliwaambia majirani wa mtaa wa Majengo waziwazi: "Papa huyu akinuna, hata sahani zinaogopa kugongana." Na tangu uwanja wa ndege ufungwe, alikuwa na sababu. Kazi yake ya karani kwenye kampuni ndogo ya mizigo ilikufa siku ile ile ndege ziliponyamaza. Zamani zilipita chini sana juu ya mabati, sufuria zikatetemeka jikoni, naye alizitaja kwa mlio tu bila kuinua kichwa: hii ya mizigo, hii ya misaada, hii sukoi, ndege ya vita ya jeshi, sikieni wenyewe inavyopasua mbingu! Sasa mbingu ya Goma ilikuwa kimya, na kimya hicho kilimkera kuliko njaa.

Kilichomshikilia akili ni ndege za frigoliti. Frigoliti ni kile kitu cheupe, chepesi, ambamo frigo na televisheni zinalazwa ndani ya karton. Wenye maduka wanaitupa, Balagizi anaiokota. Aliikata kwa waya wa moto uliofungwa kwenye betri ya pikipiki, polepole, kama uzi unavyokata ugali wa fufu. Kisha ikaja kazi yenyewe, yaani ngozi. Ngozi ya ndege aliichora kwenye kompyuta yake iliyochoka, akiifungua ndege nzima kama mtu anayechuna sungura: tumbo huku, mgongo kule, pua peke yake. Akaichapa kwa rangi kwenye duka la fotokopi, akakata kwa wembe, akabandika. Ribiti, vimlango vidogo, madoa ya mafuta, masizi karibu na bomba la moshi, vyote vilikuwa kwenye karatasi. Ukiiona mezani ulitaka kusogea nyuma isije ikawaka.

Alizipenda ndege za vita, yeye ambaye mlio wa bunduki ulimtia kuhara. Ukuta mzima wa sebule ulijaa ndege hizo. Halafu muji ukachukuliwa na waasi. Juma lile watu walichoma magwanda, makoti, picha za shemeji zao, chochote chenye harufu ya jeshi. Bibiche akazibeba ndege zote za vita hadi nyuma ya choo, akazimwaga chini, akasimama mikono kiunoni.

"Ni hizi ao ni miye. Chagua."

Balagizi alizichoma. Frigoliti inatoa moshi mweusi, mnene, wa kukaba roho, na alilia humo ndani ya moshi akisingizia moshi wenyewe. Tangu hapo alitengeneza ndege nyeupe tu, za misaada, za kupamba meza za ubatizo na komunyo. Alizichukia kabisa. Ndege isiyo na doa hata moja, aliwaambia wateja usoni, ni mboga isiyo na chumvi. Wateja wakacheka wakidhani anatania.

Mama Donatille alikuja jumapili moja baada ya misa. Alikuwa mjane wa Butembo, mwembamba, mwenye kusimama wima hata akiwa amechoka. Alikataa kiti.

"Papa Balagizi, niko na mutoto aliyekufa na sina kaburi."

Mwanawe, Julien, alikuwa fundi wa mota za sukoi za jeshi. Siku muji ulipoanguka hakurudi nyumbani. Mwenzake aliyekimbia alipiga simu kutoka mbali, akasema Julien alikufa kando ya uwanja, na kwamba hakukuwa na kitu cha kuokota. Simu ikakatika. Ndiyo hiyo tu. Nguo zake mama alizichoma mwenyewe kwa kuogopa wapekuzi, na hata chozi halikumtoka.

"Batu wananiuliza, mama, mbona haulii? Nililie nini, papa? Nililie simu?"

Sasa ukoo ulikuwa unakutana Kibati, kwenye kiwanja, parseli ya marehemu mume wake, kumaliza matanga. Katika ukoo wao, siku hiyo wanatandika meza kitambaa cheupe, na juu yake wanaweka kitu cha kazi ya marehemu. Mume wake alikuwa dereva wa barabara ya Rutshuru. Waliweka usukani wa gari lake.

"Julien iko na meza tupu. Unitengenezee ndege yake. Ile nyeupe hapana. Ndege yake, na bendera yake."

Bibiche alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, pole sana, lakini hapana. Hapana! Wakimukamata bwana yangu na bendera ile ya serikali watasema ni mwanajeshi amejificha. Na mutu anayebebwa kwa sababu hiyo, nani alimuona tena? Mutaje mumoja tu."

Balagizi mwenyewe alikuwa amekwisha kutikisa kichwa. Mama yule akajifunga kitenge vizuri, akageuka kwenda, na akiwa mlangoni akasema kama anayejiongelea:

"Alikuwa anachekaka ile ndege. Anasema iko na kamulango kamoja chini ya tumbo hakafungi, anakafunga na waya kila asubuhi, na kila jioni kamefunguka."

Bibiche alimtazama mume wake na kuona kitu kinachomtisha: Balagizi hakuwa amenuna tena.

"Upande gani?" Balagizi akauliza. "Kamulango hako. Kushoto ao kuume?"

Basi kazi ikaanza, mapazia yakiwa yameshushwa. Ngozi hakuichapa sehemu moja. Aliikata vipande kwenye kompyuta, akachapa kipande huku na kipande kule, kila duka likaona karatasi ya madoa ya kijivu na kijani isiyo na maana. Bendera aliikata kwenye kalenda ya zamani. Mabawa na mkia hakuvigandisha. Alivichomeka kwa vijiti vya mishikaki ili vitoke na kurudi. Kamlango ka chini ya tumbo akakatengeneza kweli, kakifunguka, na waya wake mwembamba. Alibandika kwa kole, gundi nyeupe ya maseremala, kwa sababu ile ya viatu inakula frigoliti. Kisha akasugua ndege nzima kwa mshumaa, nta ikaingia kwenye karatasi ikang'aa kama mafuta kwenye chuma. Haki ya Mungu, hakuwa amewahi kutengeneza kitu kama kile. Alikaa akikiangalia kwa fahari na kwa woga pamoja, hata hakujua kipi ni kipi.

Lakini ingevukaje bariere, kile kizuizi cha waasi kwenye barabara ya Kibati? Hapo ndipo alipojiona mwerevu. Alichapa ngozi ya pili, nyeupe, ya ndege ya misaada, akaivika juu ya ile ya kwanza kwa uji wa unga wa muhogo. Wakifika, kitambaa chenye maji tu, nyeupe inatoka yote, sukoi inabaki. Tumbo lilikuwa nono kidogo, lakini askari gani wa bariere anajua tumbo la ndege? Ikakauka, ikashika, ikapendeza. Alichosahau ni ile nta. Uji wa muhogo haushiki nta. Ulikuwa umeigusa tu, shingo upande, ukingoja sababu.

Siku ya safari Bibiche hakumwambia neno. Alimvika koti refu la mvua, akamfunga vifungo vyote kama mtoto, halafu akaingia chumbani na kufunga mlango. Balagizi aliazima pikipiki ya shemeji yake, Donatille akapanda nyuma na ndege nyeupe mapajani, waziwazi, kama zawadi ya parokia. Wakapita muji, wakashika barabara ya kaskazini, na volkano ya Nyiragongo ilikuwa imejifunika wingu jeusi hadi miguuni.

Mvua iliwakuta kabla ya Kibati. Haikuanza na matone. Ilimwagika yote kwa pamoja. Balagizi alikimbiza pikipiki nyuma ya kibanda kilichoungua, kilichobaki ukuta tu, na alipogeuka akaona mkono wa Donatille umekuwa mweupe. Karatasi. Ngozi ya juu ilikuwa inaambuka vipande vipande, inateleza kwenye nta, na chini yake, safi, kavu, inang'aa, bendera ilikuwa inamwangalia.

"Yezu wangu," akasema. "Mama, tumekufa."

"Bandika!"

"Nibandike na nini? Na mvua?"

Ndipo wakasikia mluzi. Bariere ilikuwa pale pale mbele, kwenye kona. Mvua ndiyo iliyowafichia. Askari alikuwa ameona taa ya pikipiki. "Nyie wa kibandani! Kujeni hapa!" Kurudi nyuma mbele ya bariere ni kujiitia risasi, kila mtu anajua. Kuitupa ndege pale ukutani, wangeikuta kabla hawajafika mbali. Balagizi alisimama tu, akimfikiria Bibiche nyuma ya mlango uliofungwa.

Donatille hakusimama. Aling'oa mabawa, krak, krak, akang'oa mkia, akamsukumia vyote Balagizi ndani ya koti. Kiwiliwili akakizungushia kitenge mara mbili, akainama, akakitupa mgongoni, akakaza fundo kifuani. Ilikuwa kazi ya pumzi chache, mikono ya mama aliyebeba watoto maisha yake yote. Alipoinuka alikuwa bibi wa kawaida kabisa na mjukuu mgongoni.

"Sukuma pikipiki, papa. Twende."

Askari alikuwa mwanaume mrefu, macho mekundu ya kukosa usingizi, turubai mabegani. Aliuliza wanatoka wapi, wanakwenda wapi. Balagizi akajibu, bawa likimchoma kwapani. Askari akazunguka nyuma.

"Mama, mutoto huyu halii? Na mvua yote hii?"

Donatille akakaza fundo tena.

"Fungua tuone."

Akanyoosha mkono, akagusa kitenge. Balagizi aliuona ule mkono unapapasa kitu kigumu, cha baridi, kisichopumua, na akajua kwamba ndiyo basi, maisha yake yanaishia hapa kwenye tope.

"Amekufa," Donatille akasema. "Mujukuu wangu. Amekufa asubuhi, ni homa. Usimufungue, baba, mvua itamunyeshea."

Mkono ukarudi haraka. Huo ulikuwa uongo, na pengine mama alikuwa ameupanga toka kibandani. Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Midomo yake ilianza kutetemeka, akajaribu kuizuia kwa kiganja, ikamshinda, na sauti ikamtoka ambayo Balagizi hakuwahi kuisikia kwa mtu. "Mutoto wangu! Mutoto wangu weee! Nilimuacha alale wapi?" Alianguka magoti kwenye tope na mzigo wake mgongoni, akalia kilio chote kilichokuwa kimekataa tangu siku ile ya simu. Balagizi alisahau kuogopa. Alimshika mabega naye analia, na hakujua anamlilia nani.

Askari alivua kofia mvuani. Akamgeukia Balagizi kwa hasira.

"Na weye papa! Mama muzee anabeba maiti, weye unaangalia?"

"Alikataa kunipa," Balagizi akasema. Ilikuwa kweli tupu.

"Mutamuzika wapi?"

"Kibati. Kwa parseli yao."

"Kule chini ni mawe ya volkano matupu. Mutachimba na vidole?" Hakungoja jibu. Aliingia kibandani mwake, akasema maneno mawili na mwenzake, akatoka na sururu begani. "Tunaenda wote. Wangu nilimuzika peke yangu, porini, hakuna hata wa kunishikia jembe. Mama huyu hatafanya vile. Washa pikipiki."

Nani anamwambia hapana mtu wa bariere? Balagizi akawasha. Donatille akapanda nyuma yake, na askari akapanda nyuma ya Donatille, kifua chake kikiwa kimegandamana na ile ndege.

Sasa, mtu asiyejua frigoliti hawezi kuelewa safari ile. Frigoliti ikibanwa inalia. Inalia kwii, kwii, sauti nyembamba ya kukwaruza meno, na barabara ile ilikuwa mashimo matupu. Kila shimo, kwii. Balagizi alivuta mafuta hadi mwisho ili mota ingurume juu ya kile kilio, halafu mwendo ukazidi, akagusa breki, wote wakasongamana, kwiiii. Jasho lilimtoka ndani ya mvua. "Polepole!" askari akafoka. "Unakimbiza nani?" Donatille akazidisha kuomboleza kwa sauti, na hakuna ambaye angejua ni wapi kulia kwa kweli kulikwisha na wapi kuficha kulianza, hata yeye.

Kwenye parseli, watu wa ukoo walikuwa wamekaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake picha ya Julien wa komunyo ya kwanza, mtoto mwenye shati jeupe na mshumaa. Zile za ukubwani zilikuwa zimechomwa zote. Kahindo, dada yake Julien, alikuja mbio kuwapokea. Alimwona mama, akamwona askari, akasimama.

"Kahindo!" Donatille akapaza sauti kabla mtu hajauliza. "Mutoto amekufa! Mutoto wetu amekufa njiani. Lete kitambaa cheupe."

Kahindo hakuwa na mtoto. Hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyekuwa mgonjwa katika ukoo ule. Alimwangalia mama yake machoni, na Balagizi akahesabu pumzi zake mwenyewe kama ndizo za mwisho. Kisha Kahindo akaweka mikono kichwani akapiga yowe, na shangazi mmoja akamfuata, na mwingine, na turubai lote likalipuka kwa kilio. Watu walioishi na vita muda mrefu wanajua wakati wa kuuliza na wakati wa kulia tu.

Askari akaisogelea meza. "Na huyu ni nani?"

"Kaka yangu," Kahindo akasema, akivuta kitambaa. "Leo tulikuwa tunamaliza matanga yake."

"Alikufa na nini?"

Vilio vikapungua. Mabawa yalikuwa yanamteleza Balagizi ndani ya koti; akayabana kwa kiwiko.

"Vita," Donatille akajibu.

Askari aliitazama picha kwa muda. Kipande cha karatasi nyeupe, kilicholowa, kilikuwa kimeganda kwenye goti lake. Alikiona, akakibandua, akakidhania uchafu wa njiani, akakitupa. "Vita imetumaliza wote," akasema. Akashika sururu.

Alichimba vizuri. Balagizi alichimba naye kwa mkono mmoja, mwingine ukibana koti, na askari akamwita mvivu. Jiwe la volkano linakataa. Lilitoa cheche, likamchubua askari viganja, naye hakuacha mpaka shimo likafikia kina cha heshima. Donatille akafungua fundo. Wanawake walimzunguka kwa miili yao, wakakizungushia kiwiliwili kitambaa cheupe juu ya kitenge, naye akashuka mwenyewe kuulaza mzigo wake. Aliulaza taratibu, kichwa kikielekea mlimani, akaweka mkono juu yake akakaa hivyo.

"Mama, anaitwa nani?" askari akauliza. "Tumuombee na jina."

"Julien."

"Julien," askari akasema, kichwa kimeinama, damu ya viganja ikichanganyika na mvua. "Baba, umupokee Julien. Mama yake apate amani." Watu wote wa ukoo wakaitikia Amina, na wengine hawakuweza kuimaliza.

Askari alikataa chakula. Akaondoka kwa miguu na sururu yake, akarudi kwenye bariere.

Waliposhindwa kabisa kumwona, Kahindo alikimbia kuchukua jembe. Balagizi alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya kaburi, anayafikiria maji, anajua yataanzia wapi kuingia kwenye ndege, na mikono yake ilikuwa inawasha kuitoa ile ndege, maana hakuwahi kutengeneza nyingine kama ile na hatatengeneza tena.

"Mama, ameenda," Kahindo akasema. "Tumutoshe kaburini sasa? Tuweke kwa meza?"

Donatille alikuwa amekaa chini kwenye tope, uso umevimba kwa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu Balagizi amjue mgongo wake ulikuwa umelegea.

"Mutoshe nani?" akauliza. "Mutu ameshazikwa. Kila siku nilikuwa naomba Mungu anipe tu pahali pa kupiga magoti. Ni hapa. Ambaye ataleta jembe hapa, tutagombana."

Kahindo akaliweka jembe chini. Balagizi akaenda jikoni, akatoa mabawa na mkia ndani ya koti, akavitia motoni kimoja kimoja kwa mkono wake. Kisha akarudi, akaanza kuokota mawe ya volkano na kumpangia Julien ukingo wa kaburi.